Chuo cha Mawe na Hesabu za Mwaloni

Anayeingia Mwanza kwa maji hupokelewa na Jiwe la Bismarck, mawe yaliyobebana ukingoni karibu na kivuko cha Kamanga. Binadamu hulipiga picha, wakapita zao. Wanyama wa mwambao walikuwa na chuo pale juu, nacho kiliitwa Chuo cha Mawe.

Mkuu wa chuo alikuwa Profesa Mjusi Kafiri. Kichwa na mabega yake yalikuwa ya waridi iliyokolea, kiwiliwili buluu, na wataalamu wa viumbe walikuwa wameutia mji wa Mwanza ndani ya jina la kitaalamu la ukoo wake, jambo alilolikumbusha kila alipofungua muhula. Alifundisha hesabu. Kila asubuhi, jua likishapasha jiwe, alipanda kileleni, akachora kanuni kwa ukucha, kisha akatikisa kichwa: juu, chini, juu, chini. Wanafunzi nao wakatikisa. Aliyetikisa sawasawa na Profesa alihesabiwa kuwa ameelewa. Mwisho wa mwaka ulipofika, kati ya kila wanafunzi wanne watatu walianguka, na Profesa akaeleza kwamba hesabu haikuumbwa kwa ajili ya kila kichwa.

Nawapenda hao watatu walioanguka. Hekaya hii naisimulia kwa ajili yao.

Mmoja wao alikuwa Pimbi, aliyezaliwa katika nyufa za miamba ya kisiwa cha Saanane. Mwingine alikuwa Chura, ambaye darasani hakuweza kujumlisha sehemu mbili, lakini jioni alipocheza isolo na wazee wa Kisukuma chini ya mti aliona kete zitakapoangukia mizunguko mitatu kabla hazijafika. Alikuwepo Mdiria pia. Kinara wa darasa alikuwa Fisi Maji, binti mwerevu mwenye kalamu ya haraka, aliyepata 96 kwa 100 katika kila karatasi na ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akitaja kwao ni wapi.

Siku moja somo lilikuwa riba inayozaa riba. Pimbi akanyoosha mkono.

“Samahani, Profesa. Riba hii inaishi wapi?”

“Inaishi kwenye mtihani,” Mjusi akajibu.

Darasa likaangua kicheko, na tangu siku hiyo Pimbi akabandikwa jina: Inaishi Wapi.

Binadamu wa nchi hii wanaijua kadhia hiyo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona maziwa yake ya kutengenezea aiskrimu, aliyoyaweka kwenye friza yangali moto, yakiganda kabla ya yale yaliyopozwa. Aliuliza kwa nini, akaambiwa amechanganyikiwa. Aliuliza tena alipokuwa Mkwawa, Iringa, mwalimu akamdhihaki kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Akamuuliza mgeni, Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye Osborne akafanya jambo ambalo wengine hawakulifanya: akaenda kupima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na leo wanasayansi wa dunia nzima wanabishana juu ya tukio lenye jina la kijana yule. Swali lililotoka kwenye ndoo ya aiskrimu lilihitaji mwalimu mmoja asiyecheka.

Chuo cha Mawe kilimpata mwalimu wa namna hiyo kwa bahati. Profesa alialikwa Capri Point kwenye kongamano la wiki sita juu ya mustakabali wa hesabu, na nafasi yake ikashikiliwa na Mnandi, ndege mweusi ambaye hadi hapo kazi yake ilikuwa kuzamia samaki na kusimama juani mabawa yakiwa wazi ili yakauke. Alijua kanuni zote za Profesa. Alijua pia kina cha maji kwenye kila ghuba kuanzia Nyegezi hadi Igombe, kwa sababu alikuwa akishuka mwenyewe.

Hakupanda kileleni. Alisimama katikati ya wanafunzi akauliza, “Nani hapa ana mama anayeuza kitu?”

Kimya. Katika chuo kile kumtaja mama muuza kitu ilikuwa aibu. Mwishowe Chura akainua mkono, kisha Pimbi, kisha wengine. Fisi Maji akatazama kucha zake.

“Vizuri,” Mnandi akasema. “Kesho alfajiri tukutane Kirumba, mwaloni.”

“Mwalimu, kule kuna ubao?” Mdiria akauliza.

“Kuna dagaa.”

Mwalo wa Kirumba huamka kabla ya jua. Mitumbwi ilikuwa inarudi na dagaa wa usiku, maana zilikuwa siku za giza. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi mpevu ukiangaza ziwa zima taa haivutii kitu, kwa hiyo wavuvi hupumzika wakati wa mbalamwezi na kurudi kazini giza likirejea. Mnandi akawafanya wahesabu. Mwezi huzunguka kwa siku 29 na nusu hivi. Wavuvi wakipumzika usiku tisa au kumi, zinabaki usiku ishirini au pungufu za kulisha nyumba kwa siku zote thelathini. Chura alipata jibu kabla ya wenye kalamu. Kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na chuo, kuna mtu aliyemgeukia kumwuliza amefanyaje.

Wakafika kwenye kichanja cha mama mmoja mwenye manyoya yaliyolowa, anayepokea ndoo huku anaongea na wanunuzi watatu kwa pamoja. Vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya kidole gumba, na hakukosea chenji hata mara moja.

“Shikamoo, Mayu,” Mnandi akasema.

“Marahaba, Mwalimu. Karibuni. Mbona binti yangu amejificha nyuma ya magunia?”

Ndipo darasa likajua kwao Fisi Maji ni wapi.

Mnandi hakumwacha binti afedheheke. Alimwomba mama aeleze biashara yake, na mama akaeleza bila kusimamisha mikono. Huko mwambao fedha ya wanyama ni kome, yale magamba yanayotupwa na mawimbi. “Nanunua ndoo 40 mbichi, kila moja kome 5. Hiyo 200. Zikikauka nabaki na ndoo 10. Jua likiwaka, kila ndoo naiuza 32. Mvua ikizikuta kichanjani zinaharibika, wananunua wenye kuku kwa 12.”

“Na mvua inakuja lini, Mayu?” Pimbi akauliza.

“Mvua haina barua, ng'wanawane. Lakini mwezi huu katika siku kumi inanipiga tatu. Katikati ya masika inanipiga sita.”

Mnandi akawageukia wanafunzi. Wakachora mchangani. Siku ya jua: mauzo 320, toa 200, faida 120. Siku ya mvua: mauzo 120, toa 200, hasara 80. Kwa siku kumi za mwezi ule: mara 7 faida ya 120 ni 840, mara 3 hasara ya 80 ni 240, zinabaki 600. Kwa wastani kila siku anapata 60. Kisha wakahesabu masika: mara 4 faida ya 120 ni 480. Mara 6 hasara ya 80 ni 480.

“Sifuri,” akasema Mdiria, akarudia hesabu kwa kudhani amekosea. “Mayu, katikati ya masika unafanya kazi bure.”

“Sifanyi,” akajibu mama. “Siku hizo nakaa nyumbani nashona nyavu.”

Wanafunzi wakabaki wanatazamana. Mnandi aliwaambia kwamba kitabuni hesabu ile huitwa thamani tarajiwa, na kwamba iko kwenye sura ambayo Profesa huiruka kwa sababu mtihani hauiulizi. Fisi Maji alikuwa ameisoma mwenyewe usiku, akaikariri, akadhani ni habari ya wachezaji kamari wa Ulaya wanaorusha sarafu. Alimtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Mimi naona hapo ndipo elimu yake ilipoanza, ingawa vyeti vyake vinasema mwaka mwingine.

Hawakumaliza. Korongo mnunuzi wa mbali alifika na magunia yake, akayajaza hadi mdomoni, kisha akaanza kuyapandishia kilemba na kukishonea kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo ya binadamu inaikataza, Wakala wa Vipimo huikemea kila mwaka, na kila mwaka wakulima na wachuuzi huendelea kupunjwa nayo, kwa sababu jicho likitazama kilemba huona kitu kidogo. Mnandi akawauliza wanafunzi: gunia lina urefu wa mikono mitano, kilemba kimepanda mikono mitatu kikichongoka kuelekea juu, mama anampa Korongo kiasi gani bure? Wote waliwahi kukariri kanuni ya pia, theluthi moja ya kitako mara kimo. Theluthi ya mikono mitatu ni mkono mmoja. Mkono mmoja juu ya mitano: sehemu moja ya tano.

“Kila magunia matano anayolipia,” Pimbi akasema polepole, “anaondoka na la sita.”

Korongo akafungua kamba akapunguza kilemba, huku akilalamika kwamba wasomi wanaharibu biashara.

Kwa wiki mbili zilizofuata walikuwa huko kila alfajiri. Walipima, wakaandika, wakabishana na wavuvi. Walijifunza kwa nini binadamu waliwahi kuweka kanuni kwamba sangara anayevuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85: aliye mdogo hajapata nafasi ya kutaga, na aliye mkubwa sana ndiye mama mwenye mayai mengi kuliko wote. Mdiria, aliyedhani grafu ni mapambo ya kitabu, alichora mwenyewe urefu wa samaki mia aliowapima, akaona kilima kinainuka mbele ya macho yake.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatatu, Kenge alipita mwaloni na daftari lake.

Wanaomjua Kenge hawahitaji kusimuliwa. Binadamu wanao wa kwao, na mikopo yao wameipa jina linalojieleza: kausha damu. Inakuja kwa mwanamke aliyekosa dhamana ya kupeleka benki, inakuja haraka, bila fomu, kwa maneno laini. Kenge alikuwa na sentensi moja aliyoitumia kote: “Kumi tu kwa mia kwa wiki, na ukikosa, usijali, tunaandika.”

Alisimama mbele ya kichanja. Mama Fisi Maji akasema hana kitu, mvua imemharibia. “Usijali, Mama,” Kenge akasema. “Naandika.”

Pimbi akaomba kuona daftari. Mama alikuwa amechukua kome 100 wiki tano nyuma ili anunue taa. Daftari likasema anadaiwa 163.

Fisi Maji akalisoma mara mbili. Ilikuwa karatasi ya mtihani wake. Ilikuwa lile swali la tatu, lile alilolipatia alama zote, ambapo Bwana A anamkopesha Bwana B kwa asilimia kumi kwa kipindi, kila kipindi ikizaa juu ya kilichozaliwa. Alikuwa amelitatua chini ya taa iliyonunuliwa kwa deni hilohilo, na hakuuliza Bwana B anaitwa nani.

Akashika kijiti, akaandika mchangani: 100, 110, 121, 133, 146, 161.

“Si 163,” akasema. “Umekuwa ukikaza kila sehemu ya kome kuwa kome nzima. Na wiki ijayo hizo mbili nazo zinazaa.”

Kisha akaendelea kuandika, na hakuna aliyemzuia. Wiki ya nane deni limepita maradufu, 214. Mwaka ukitimia, wiki 52, kome 100 zimekuwa 14,204. Mama yake aliyeweza kuipima mvua ya masika kwa vidole aliketi chini. Vidole vyake vilikuwa vimemwonyesha kumi, na kumi ni kidogo. Hapo ndipo busara ya mwaloni ilipokuwa imefika mwisho wa kamba yake, na ndipo kanuni ya chuo ilipohitajika hasa. Walio upande wa mwalo wasijidanganye kwamba uzoefu unatosha. Hautoshi. Kuna namba ambazo mkono hauzihisi mpaka zimeshakuzidi.

Mnandi akawaongoza hadi ghuba ya jirani, akawaonyesha gugumaji. Mmea huo uliingia ziwani miaka ya mwisho ya 1980 au hapo karibu, na ukipata joto na rutuba huongezeka maradufu ndani ya wiki chache. “Ghuba ikiwa nusu,” akauliza, “zimebaki maradufu ngapi hadi ijae?” Moja tu. Mvuvi anayeona robo ya ghuba imefunikwa husema maji bado ni mengi. Amebakiwa na maradufu mbili. Mama akayatazama majani yale ya kijani kwa muda mrefu. Deni lake sasa alikuwa analiona kwa macho.

Walimrudia Kenge. Wanafunzi walikuwa 23. Kila mmoja alitoa kome 7, na 23 mara 7 ni 161 kamili. Kenge alizipokea mbele ya mashahidi, akazihesabu, akacheka bila hasira.

“Mnanishangaa?” akasema. “Mimi ni mhitimu wa chuo chenu. Nilikaa safu ya mbele, nikatikisa kichwa miaka mitatu. Tofauti yangu na wenzangu ni kwamba usiku nilijiuliza vitu vile ni vya kazi gani, nikapata jibu langu peke yangu.”

Sehemu hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Chuo kikikataa kusema hesabu inaishi wapi, haina maana kwamba haitakuwa na makao. Watakaoitafutia makao ni wale wenye njaa na wasio na huruma, na watawakuta wengine wote hawajui. Nimeona wahitimu wa shahada wakitia saini mikopo ya simu bila kusoma mstari wa riba, watu walioweza kutafuta eksi katika mlinganyo wowote ule. Nani aliwafundisha kwamba eksi ni wao?

Wanafunzi wakaanzisha mfuko pale mwaloni. Wakabishana siku nzima juu ya riba yake, kwa sababu mfuko usio na riba kabisa hauhimili wanaoshindwa kulipa, na wenye riba kubwa unazaa Kenge mwingine. Wakakubaliana mbili kwa mia kwa mwezi, ikihesabiwa juu ya kilichobaki peke yake. Mama Fisi Maji akawa mtunza hazina.

Wiki ya sita Profesa akarudi kutoka kongamanoni.

Baraza la Chuo likaitishwa. Mnandi akashtakiwa kwamba wanafunzi wananuka dagaa, kwamba kileleni kumeota ukungu, na kwamba mfadhili mmoja wa chuo, ambaye jina lake lilihifadhiwa lakini mkia wake ulionekana nyuma ya jiwe, amesikitishwa sana. Katika msafara wa mamba na kenge wamo. Katika msafara wa wasomi pia.

Nisimdhulumu Mjusi. Alizipenda namba kweli. Usiku, akiwa peke yake, alichora maumbo ya pembe tatu ukutani mwa ufa wake akayafurahia kwa dhati. Alitikisa kichwa kwa sababu mwalimu wake alitikisa, na mwalimu wa mwalimu wake. Alipowaambia Baraza kwamba hesabu ikishuka mwaloni itachafuka, aliamini anailinda. Mnandi alimjibu kwa upole kwamba binadamu wamejenga daraja kati ya Kigongo na Busisi, kilomita tatu juu ya maji, wakalifungua Juni 2025, na nguzo zake zimeingia matopeni kwanza.

Wakakubaliana wanafunzi wafanye mtihani wa Profesa mwenyewe, karatasi ileile ya kila mwaka. Wakafanya. Safari hii walipita karibu nusu. Si wote, wiki sita hazifuti miaka. Chura alipata alama yake ya kwanza ya kupita, akailamba karatasi. Profesa alitangaza kwamba mafanikio hayo yametokana na msingi imara uliowekwa kabla ya kongamano.

Mahafali yakapangwa kufanyika ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Chelezo cha matete kiliandaliwa, chenye kuvutwa na Mzee Kiboko. Ubavuni mwake mafundi waliokisuka walikuwa wamechora namba: 40.

Pimbi wana desturi ya kale. Wenzao wakiota jua, mmoja hubaki macho. Siku ile Pimbi alisimama penye daraja la kupandia akahesabu walioingia: wanafunzi, wazazi, wajumbe wa Baraza, ndege wa kwaya na ngoma zao. Akafika 71. Mstari wa maji ulikuwa umemeza namba ya ubavuni.

“Mzee Kiboko, shikamoo. Tumezidi.”

“Marahaba, mjukuu. Tumezoea.”

“Profesa, tumezidi 31.”

Mjusi alikuwa ameketi mbele na joho. “Leo ni sherehe, kijana. Hesabu tumeiacha darasani.”

Mnandi alikuwa nguzoni, mabawa wazi. Alishuka akasimama katikati ya chelezo, akasema kwa sauti ambayo wanafunzi hawakuwahi kuisikia. Akawakumbusha tarehe 21 Mei 1996. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imebakiza safari fupi kuingia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Daraja la kwanza na la pili lilikuwa na orodha, na orodha hiyo peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu, walikopanda wenye nauli ndogo, halikuwa na orodha kabisa. Hesabu nyingi za waliokufa zinapita 800, na kwa kuwa hakuna aliyewaandika walipopanda, hakuna atakayewahi kutaja idadi yao bila kusema takribani. Wengi wao wamelala Igoma. Kisha akataja tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kati ya Ukerewe na Ukara, uwezo abiria 101. Kilipinduka kikiwa kimeikaribia gati. Walipotea zaidi ya 220.

“Wote walioruhusu safari zile walijua kuhesabu,” Mnandi akasema. “Mimi nazamia humu. Msiniambie namba ni za darasani.”

Hakuna aliyesogea. Kila mmoja alikuwa anamtazama jirani yake, na hilo ndilo somo gumu kuliko yote, kwa maana 71 kutoa 40 ni rahisi kwa mtoto mdogo, ila hakuna kanuni inayosema ni nani awe miongoni mwa 31.

Pimbi akashuka wa kwanza. Yalikuwa mahafali yake, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuvaa joho.

Chura akafuata. “Mimi naogelea,” akasema, “lakini nyie hamwogelei, nami nitawaangukia.” Mama Fisi Maji akateremsha kapu lake la sherehe, akashuka, na binti yake akashuka nyuma yake akiwa amemshika mkono mbele ya Baraza zima. Wakashuka Mdiria na dada zake, ambao wangeweza kuruka lakini walikuwa wamebeba ngoma. Wakashuka wachuuzi, wakashuka wanakwaya, mmoja akinung'unika, mwingine akilia. Pimbi alihesabu kwa sauti. Alipofika 31 namba iliyochorwa ubavuni ilikuwa imeibuka tena, imelowa, inasomeka.

Profesa hakushuka. Chelezo kikaondoka.

Kilivuka salama. Upepo wa mchana uliinuka katikati ya ghuba kama kawaida yake, mawimbi yakapiga ubavu, matete yakalia, na wote 40 wakafika ng'ambo wakiwa wakavu. Saa mbili baadaye Mzee Kiboko alirudi gatini akihema, na ujumbe kutoka kwa Profesa.

“Anasema, je, mmeona? Kimefika salama. Anasema mlishuka bure.”

Wanafunzi wakamtazama Mnandi, wakitaka amjibu. Hakujibu. Alikuwa anamtazama Pimbi.

“Mzee,” Pimbi akauliza, “pale katikati, upepo ulipopiga, maji yalifika wapi?”

Kiboko akafikiri. Akainua mguu akaonyesha ubavuni, vidole viwili chini ya ukingo.

“Tulipokuwa 71 hapa gatini, ukingo ulikuwa umeinuka vidole vingapi juu ya maji?”

“Vitatu,” akajibu Fisi Maji, aliyekuwa amepima. “Na tulipobaki 40, vilikuwa tisa. Mawimbi yamepanda vidole saba.”

Kiboko alikuwa amevusha wanyama miaka mingi. Alitazama vidole vyake mwenyewe, akatoa saba katika tisa, kisha akajaribu kutoa saba katika vitatu. Alirudia mara mbili.

“Nanyi hapa mko wangapi?” akauliza.

“Thelathini na mmoja.”

“Haya, ingieni mmoja mmoja. Wewe mjukuu, simama palepale uhesabu.”